Nyumba ya Babu na Nyufa Zake Nne

Nyumba yetu ya Kasongo ilikuwa na nyufa nne, na kila mmoja ulikuwa na jina lake. Ufa wa dirisha ulianzia pembe ya juu ya dirisha la sebuleni, ukapanda kwa vidato ukifuata viungo vya matofali mpaka chini ya paa. Ufa wa kiungo ulisimama wima pale chumba cha wageni kilipounganishwa na nyumba ya zamani. Ufa wa tetemeko ulikata ukuta wa chumba cha Mama, mpana kiasi cha kumeza kidole, na kila mgeni aliuogopa huo. Wa nne ulikuwa ufa wa dari, mstari mwembamba uliopita juu ya viti vya sebuleni. Huo hakuna aliyeuhesabu kuwa na hatari.

Nasimulia habari zake kwa sababu nyufa hizo zilitutesa, zikagombanisha watu wanaopendana, na mwishowe zikatufundisha jambo ambalo kila mwenye nyumba ya udongo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, anastahili kulijua kabla hajafungua mfuko wa simenti.

Babu mzaa baba aliijenga nyumba hiyo miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa fedha ya pamba. Alitumia matofali mabichi: udongo ulikanyagwa kwa miguu, ukatiwa majani makavu, ukashindiliwa kwenye kalibu ya mbao, ukaanikwa juani. Kuta zake ni nene kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi, vyumba huku na huku, nyuma ua na jiko. Juu ya sebule aliweka dari ya fito na udongo, kwa kuwa paa la kwanza lilikuwa la majani, na dari ya namna hiyo ilikuwa kinga. Moto ukila paa, watu na vyombo vyao walipata nafasi ya kuokoka. Mabati yalikuja baadaye, wakati wa Baba.

Ramani hiyo ya nyumba ina ukoo mrefu kwetu. Kasongo ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, na ya mwanawe Sefu, ilikuwa mji wa udongo. Ilistawi kwa biashara ya pembe na kwa jasho la watumwa, na hilo halifai kufichwa. Lakini mikono iliyoinua kuta zile ilikuwa mikono ya ustadi. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis liliingia mjini tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Mwingereza aliyekuwa nalo, Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta mji mzuri kuliko mji wa Nyangwe, nyumba zake zimejaa vyombo vya anasa, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga na mananasi. Mahali pale leo panaitwa Tongoni, na wanaakiolojia waliokwenda kuutafuta mji ule miaka ya karibuni walilazimika kuchimba. Watu walihama, paa zikaanguka, mvua ikashuka juu ya kuta zilizo wazi. Babu alikuwa akitukumbusha Tongoni kila mwisho wa mvua, ndoo ya udongo mkononi, akikandika pale palipobanduka. Kwake nyumba ya udongo haikufa kwa uzee, ilikufa kwa kuachwa.

Baba alipofariki, nyumba ilibaki na Mama, mimi mwalimu wa shule ya msingi, na mdogo wangu wa mwisho. Mjomba alikuja kutoka Kindu kwa ajili ya arobaini. Alikaa sebuleni, akainua macho, kisha akapita chumba hadi chumba, mikono nyuma. Jioni akatuita barazani.

“Dada, nyumba hii inapasuka nanyi mko ndani,” akamwambia Mama. “Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nitaleta simenti.”

“Kaka, baba mkwe aliikandika kwa udongo siku zote.”

“Ndiyo maana inapasuka.”

Hakuna aliyembishia. Mjomba ndiye mkubwa upande wa Mama. Alikuwa amebeba gharama za matanga bila kunung’unika, na maneno yake yalitoka katika mapenzi. Tena kwetu simenti ni heshima. Mpita njia akiona nyumba iliyopigwa plasta ya simenti hujua kwamba mwenyewe ana watu wanaomtunza. Mjomba alitaka dada yake, mjane, aonekane ana watu.

Simenti kufika Kasongo ni safari. Ile ya kiwanda cha Kabimba, kando ya Tanganyika karibu na Kalemie, hupanda treni inayopita Kabalo na Kongolo kwenda Kindu, na treni hiyo haina siku maalumu. Reli iko ng’ambo ya magharibi ya Lualaba, mji wetu uko ng’ambo ya mashariki, kwa hiyo kila mfuko lazima uvushwe mto, kisha upakiwe kwenye lori au pikipiki. Mvua hunyesha njiani, na mifuko mingine hufika imeganda. Kila mkono unaopokea mfuko huongeza bei. Mjomba alilipa yote hayo.

Fundi aliyepatikana alikuwa mzoefu wa nyumba za matofali ya kuchoma. Alibandua ukandiko wa zamani, akajaza simenti kwenye nyufa za ukutani, akagonga misumari na nyavu za waya, akapiga plasta ya simenti nje na ndani, kutoka chini hadi juu. Dari nayo akaipaka safu nene ili ule mstari mwembamba usionekane tena. Kisha rangi, nyeupe juu na samawati chini. Mama alisimama uani akiangalia, machozi yakimtoka, na majirani wakaja kumpongeza. Siku ya Idi sebule ilijaa wageni, na hata mmoja wao hakuuliza habari za nyufa.

Kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti. Septemba mvua hurudi. Zile za kwanza zilipita salama. Zilipozidi, madoa meusi yalianza chini ya kuta, yakapanda hadi usawa wa goti. Rangi ikafura na kumenyeka. Ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole, mahali pengine palijibu kwa sauti ya uwazi. Ufa wa dirisha ukarudi pale pale, unywele kwanza, halafu ukafunguka kabisa. Ufa wa kiungo ukaipasua plasta kutoka juu hadi chini. Mama alivuta kitanda chake mbali na ukuta, wala hakumwambia mtu kwa nini.

Dari ilianguka usiku wa mvua kubwa, mwezi wa Desemba. Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kulala sebuleni juu ya mkeka. Usiku ule radi ilimtia Mama hofu, akamwita chumbani kwake. Tulisikia kishindo kimoja kizito, kisha vumbi likajaa ukumbini. Taa ilipowashwa tuliona bamba zima la plasta ya simenti limelala juu ya viti, limeshikana na udongo uliolowa na fito zilizooza. Meza ilikuwa imevunjika miguu. Juu, kichwa cha boriti kilichokuwa kimekaa ukutani kilibaki ganda tupu, kwa maana mchwa walikuwa wamekula ndani yote. Mkeka wa mdogo wangu ulikuwa chini ya kifusi.

Mama alimshika mwanawe mkono mpaka alfajiri. Kulipopambazuka alisema neno moja tu: “Mwiteni wifi yangu, Kabambare.”

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Aliolewa Kabambare, kwa Wabangubangu, na huko ameishi maisha yake yote ya utu uzima. Lakini Babu alipojenga nyumba yetu bado hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsaidia, kwa hiyo aliyemshikia kalibu, aliyemkanyagia udongo na kumpimia mchanga, alikuwa binti yake huyo. Alizijua kuta zetu tangu zilipokuwa tope.

Alifika kwa pikipiki, barabara ya bonde la Luama ikiwa matope matupu, kanga mbili kiunoni na viatu vya mvua miguuni.

“Salamu alekumu, wifi.”

“Alekumu salamu, wifi yangu. Umechoka, kaa kwanza unywe maji.”

“Nitakaa nikishaiona nyumba.”

Hakuingia ndani. Alizunguka nje polepole, macho chini, nami nikamfuata na daftari langu la shule. Penye kona ya baraza alisimama.

“Ua huu umeshuka, mwanangu. Nilipokuwa msichana, kupanda baraza kulikuwa hatua moja. Leo hesabu mwenyewe.”

Zilikuwa tatu. Ufagio wa kila asubuhi na mvua ya kila mwaka vilikuwa vimeuondoa udongo wa uani kidogo kidogo, mpaka mawe ya msingi yakabaki wazi. Maji ya paa yalidondoka hapo hapo, karibu na ukuta, yakachimba mfereji na kurusha matope juu ya tofali za chini. Sisi tulifagia ua huo miaka yote tukiona ni usafi, na ulikuwa usafi kweli; ila udongo uliofagiwa haukurudishwa.

Kisha akaingiza vidole nyuma ya plasta iliyojitenga, akaivuta. Kipande kikubwa kikatoka kizima. Nyuma yake ukuta ulikuwa laini, akauminya kwa vidole viwili na maji yakamchuruzika kiganjani.

“Mmemvika mtu koti la plastiki naye ametoka mtoni hajajifuta,” akasema.

Akatueleza kwa utaratibu. Ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini na hewani, kisha huyatoa jua likiwaka. Ndivyo unavyoishi miaka mingi. Plasta ya simenti ni ngumu na imejifunga. Ukuta ukijinyoosha na kujikunja kidogo kwa unyevu na joto, plasta haiufuati, hupasuka. Mvua huingia kwa mpasuko huo mdogo, na maji ya ardhini hupanda kwa nyuma, na yote mawili hayaoni pa kutokea. Udongo hulainika gizani, huku nje nyumba ikionekana mpya.

Ndani, alisimama mbele ya kila ufa kwa muda mrefu. Ule wa dirisha aliupapasa kingo.

“Hizi kingo ni kali, ni za juzi. Ufa wenye vumbi ndani na utando wa buibui ni mzee. Tena tazama, huu umefunguka zaidi juu kuliko chini. Pembe ya nyumba inakaa, kwa sababu msingi umevuliwa nguo. Na boriti ya juu ya dirisha ni fupi, imeliwa. Uzito wa paa umekosa pa kushika, umepita pembeni.”

Ufa wa kiungo ulimchukua muda mfupi. Baba alikuwa ameongeza chumba cha wageni kwa matofali ya kuchoma, juu ya msingi wa mawe na simenti. Nyumba ya zamani ni nzito, laini, nayo hukaa taratibu. Chumba kipya ni kigumu, nacho hukaa kivyake. “Hizi ni nyumba mbili zilizogusana. Mkizifunga kwa simenti zitapasuka palepale kila mwaka.”

Tukaingia chumba cha Mama, tukabandua plasta juu ya ule ufa mpana. Shangazi aliutazama akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Huu naikumbuka siku yake.”

Hata mimi niliikumbuka siku yake. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, saa nane za mchana. Tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie, likatikisa nchi hadi Nairobi. Kalemie nyumba ziliangukia watu. Kabambare, iliyo karibu na ziwa kuliko sisi, Shangazi alitoka mbio na sufuria mkononi. Kasongo ukuta wa Mama ulikatika kwa mkupuo mmoja. Tangu siku ile haukusogea tena: ndani ya ufa mlikuwa na vumbi la miaka, na chini ya simenti ya fundi yule upana wake ulikuwa ule ule.

“Huu umelala. Tutaufunika vizuri, basi.”

Mwisho akainua kichwa kwenye tundu la dari. Katika bati moja, pale msumari ulipolegezwa na upepo, palipenya nukta ya mwanga. Maji ya tundu hilo yalikuwa yakidondokea kichwa cha boriti, msimu baada ya msimu. Mti uliolowa uliwaita mchwa. Shangazi alituonyesha njia zao, vifereji vya udongo vilivyopanda kutoka ardhini hadi darini, na vilipita nyuma ya plasta ya simenti, mahali ambapo jicho wala ufagio havingeweza kuvifikia. Zamani Babu angeviona mapema juu ya ukandiko wake, akaviangusha.

Ndipo akaketi, akapokea maji, akasema maneno niliyoyaandika kwenye daftari: “Ufa mliouogopa haukuwa na neno. Mliouficha ndio uliotaka kumuua mtoto.”

Kumweleza Mjomba ilikuwa kazi nyingine. Alipiga simu usiku ule ule.

“Shemeji, nimetuma fedha, watu wanalala jikoni, nawe unasema tungoje?”

“Shemeji, nakuheshimu. Lakini nyumba imelowa. Ukiziba leo utafungia maji ndani. Tubandue simenti, ukuta upumue, tusubiri jua.”

“Tubandue? Ile simenti niliyoivusha Lualaba?”

“Ile ile.”

Mjomba alikata simu, na majuma yakapita bila kutupigia. Mama aliumia. Mmoja alikuwa ndugu wa tumbo moja, aliyetoa mali yake kwa ajili yake. Mwingine alikuwa damu ya mume wake, na nyumba ilikuwa ya ukoo huo. Kila jioni alimtumia kaka yake salamu kwa mtu yeyote aliyekuwa akisafiri kwenda Kindu, na kila asubuhi alishika nyundo pamoja nasi kubandua plasta. Nilimwona akiokota vipande na kuvipanga pembeni ya ua, kwa adabu, maana vilikuwa zawadi.

Yaliyotupata yamewapata wengi duniani. Huko New Mexico, Marekani, kuna kanisa la San Francisco de Asís la Ranchos de Taos, lililojengwa kwa matofali mabichi. Mwaka 1967 lilipigwa plasta ngumu ya simenti ili watu wapumzike na kazi ya kukandika. Maji yakajificha nyuma yake na kuzilainisha kuta. Mwaka 1979 plasta ile ikabomolewa, na tangu hapo waumini hukusanyika kulikandika kwa udongo. Djenné, nchini Mali, Msikiti Mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa na mji mzima, na siku hiyo ni sikukuu. Watu wa sehemu hizo hawakukosa simenti. Wameujua ukuta wao unataka nini.

Mvua zilipoendelea, Shangazi alinipa kazi inayomfaa mwalimu. Juu ya kila ufa tulipaka ulimi mwembamba wa udongo, kutoka ukingo huu hadi ule, nami nikaandika tarehe pembeni yake kwa chaki. Ulimi ukikauka ukabaki mzima, ukuta umetulia. Ukikatika, ukuta bado unatembea. Wa tetemeko ulibaki mzima mpaka mwisho. Wa kiungo ulikatika mapema. Wa dirisha ulikatika, tukaweka nguzo chini ya boriti na kujaza udongo kwenye msingi, tukapaka ulimi mwingine, nao ukabaki. Hapo nilielewa kwamba ubaya wa ufa haupimwi kwa upana. Hupimwa kwa mwendo wake na kwa kitu kinachoulisha.

Juni ilipoingia, Shangazi alipanga kazi kwa mfuatano ambao hakuruhusu ubadilishwe: paa, maji, mbao, kuta, na dari mwisho.

Paa kwanza. Misumari iliyolegea iling’olewa, mipya ikapigwa na kipande cha mpira wa tairi chini ya kila kichwa. Mabati ya pembeni yakaongezwa yatoke nje zaidi, ili maji yadondoke mbali na ukuta.

Kisha maji. Vijana wa mtaa walileta udongo kwa matoroli, tukaupandisha ua na kuushindilia, mteremko ukielekea nje. Pale maji ya paa yanapodondokea tulichimba mfereji wa kuyapeleka barabarani. Mifuko ya simenti iliyosalia katika ile ya Mjomba, isiyoganda, ilipata hapo kazi inayoifaa kabisa: ilisakafia mfereji. Mama alisisitiza kaka yake aambiwe hilo siku hiyo hiyo.

Kisha mbao. Boriti za mvule zilinunuliwa, moja ndefu kwa juu ya dirisha, ikishika ukuta kwa urefu wa mkono kila upande, na nyingine za dari. Vichwa vyake vilipakwa oili chafu ya magari kuwafukuza mchwa, vikawekwa juu ya mawe bapa, visiguse udongo.

Kuta ndizo zilizotupa furaha. Udongo tuliuchukua kwenye kichuguu kilichoachwa, kwa kuwa mchwa huchagua udongo mzuri wenye kushikana, ukachanganywa na mchanga wa mto na majani yaliyokatwakatwa, ukalowekwa siku kadhaa mpaka ukatoa harufu. Shangazi hakukisia vipimo. Alitupakisha viraka nyuma ya jiko, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga, tukaviacha vikauke. Vyenye udongo mwingi vilipasuka, vyenye mchanga mwingi vilipukutika, na kile kilichobaki kizima ndicho kilichotupa kipimo. Mdogo wangu alikariri kipimo hicho haraka kuliko masomo yangu yote.

Ufa wa dirisha haukujazwa tu, ulishonwa. Kila baada ya safu chache mdogo wangu alikata tofali za zamani pande zote mbili za ufa, akalowesha kingo, akaingiza tofali jipya refu, lililokaushwa vizuri, likavuka kutoka upande huu hadi ule. Ufa wa tetemeko ulisafishwa vumbi, ukaloweshwa, ukashindiliwa udongo mgumu kwa kijiti mpaka ndani kabisa. Ufa wa kiungo uliachwa huru: ulijazwa udongo laini na kufunikwa kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu, ili kila nyumba ikae ipendavyo bila kuirarua nyingine.

Siku ya kukandika ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Wanawake wa mtaa walikuja na ndoo zao, Waislamu na Wakristo, na wengi wao walikuwa na mikono iliyowahi kufanya kazi hiyo utotoni. Tulipika wali na sombe na samaki wa Lualaba. Jioni nyumba yote ilikuwa na rangi ya udongo mbichi, na Shangazi alipita akipapasa kila mahali.

Dari ilikuja mwisho. Kwa kuwa paa sasa ni la mabati, hatukuhitaji tena mzigo mzito wa kukinga moto. Fito nyepesi zikafungwa kwenye boriti mpya, mikeka ya matete ikatandazwa, na ukandiko mwembamba ukapakwa kwa chini. Baada ya siku chache dari nzima ilijaa mistari midogo, na Mama akamkimbilia Shangazi uani.

“Wifi, zimerudi!”

“Hazijarudi. Hizo ni nyufa za kukauka, maji yakitoka udongo hujikusanya. Ngoja zikomae, ndipo tupake safu ya pili, yenye mchanga zaidi. Safu ya kwanza ikipasuka, ya pili inapata pa kushika.”

Ikawa hivyo. Safu ya pili ililainishwa kwa jiwe la mtoni na kupakwa udongo mweupe.

Mjomba alikuja wakati wa Maulidi, mvua ikiwa imekwisha rudi. Alisalimia, akaketi, akanyamaza. Kisha akainuka, akapita chumba hadi chumba kama alivyofanya mara ya kwanza, safari hii akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Zilijibu kwa sauti nzito. Alitoka nje akatazama maji yakikimbia katika mfereji wa simenti yake mpaka barabarani. Alipoingia alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi.

“Shemeji, nisamehe ile simu.”

“Ulikuwa unamlinda dada yako. Sina la kusamehe.”

“Nyumba yangu ya Kindu ina ufa juu ya mlango. Utakuja kuutazama?”

“Magoti yangu hayataki tena safari ndefu. Atakuja huyu,” akamwonyesha mdogo wangu. “Usiuzibe kabla hajafika.”

Mdogo wangu alikwenda Kindu. Alianza kwa kupanda juu ya paa, kisha akazunguka nje akitazama miguu ya ukuta, na wa Kindu wakashangaa kuona fundi asiyegusa ufa alioitiwa. Mjomba alimlipa ujira wa fundi kamili, na huo ulikuwa ujira wake wa kwanza. Sasa anaitwa Kasongo na vijiji vya njia ya Kabambare, na kiangazi chake hakina nafasi. Shule zetu za ufundi zinafundisha vijana kuchanganya simenti, nayo ni elimu njema. Naomba ziwafundishe pia kuusoma ukuta wa udongo, kwa kuwa wazee wanaojua kazi hiyo wanapungua, na watu wengi wa Kasongo na Kabambare bado wanalala ndani ya kuta za namna hiyo.